Bibi Mary Leakey, Msomaji wa Mawe

Ninyi mkaao Sepuka na pande zote za Singida mwayajua majabali. Yamesimama katikati ya mashamba ya mtama na uwele, na watoto wachungao ng'ombe hupanda juu yake kutazama mbali. Mazungumzo ya leo ni habari za bibi mmoja aliyeyasoma mawe ya nchi hii kama sisi tusomavyo kitabu. Na mwisho wake tutaona jinsi habari hizo zinavyotuhusu.

Jina lake la kuzaliwa ni Mary Nicol. Alizaliwa London, Uingereza, tarehe 6 Februari 1913. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha, naye alizoea kusafiri na mkewe na binti yao katika Ufaransa. Huko Mary akaona mapango yaliyochorwa na watu wa kale. Mwaka 1926 baba akafariki, na binti alikuwa na miaka 13 tu. Mama akamtia katika shule za watawa, lakini alifukuzwa mara mbili, wala hakupata cheti hata kimoja.

Je, elimu yake ilikwisha hapo? La, haikwisha. Alikuwa na jicho la kutazama kwa makini na mkono wa kuchora. Akaenda kusikiliza masomo ya mambo ya kale, akachimba pamoja na wataalamu, akawachorea zana za mawe kwa vitabu vyao. Kwa kazi hiyo, mwaka 1933, akajuana na Bwana Louis Leakey, mtaalamu aliyezaliwa Kabete, Kenya. Bwana huyo alikuwa na mke na watoto, na watu wengi walichukizwa na mapenzi yao. Ndoa ile ya kwanza ilipovunjwa, wakaoana mwezi Desemba 1936. Walizaa wana watatu na binti mmoja, Deborah, aliyefariki mwaka 1943 angali mchanga. Msiba huo haukumwondoa kazini. Wanawe aliwalea, na mara nyingi alikwenda nao kambini.

Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Viktoria, aliona fuvu la nyani wa zamani sana, aitwaye Proconsul. Mwaka 1951 alikwenda Kondoa, katika mkoa wa Dodoma unaopakana na Singida, akakaa miezi mitatu akinakili picha zilizochorwa majabalini: watu, twiga, pofu na wanyama wengine. Kila mstari aliufuata kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, mumewe alilala kambini na homa. Bibi Mary akatoka na mbwa wake, akaona kipande cha mfupa kimechomoza mtelemkoni, kisha meno mawili makubwa. Vipande yapata 400 vikaunganishwa, likatokea fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus. Wenye elimu walipolipima jiwe la volkano la mahali pale, waliona kwamba umri wake ni kama miaka 1,750,000. Hapo kwanza wataalamu wengi walidhani chanzo cha wanadamu ni Asia. Tangu siku zile macho yao yaligeukia Afrika. Sifa nyingi alizipata mumewe, aliyependa kuhutubu; bibi alipenda kurudi korongoni kwake. Miaka ya mwisho waliishi mbalimbali, na Bwana Leakey alifariki mwaka 1972.

Ajabu kubwa zaidi ilikuja baadaye, huko Laetoli, kusini ya Olduvai. Mchungaji aliyepotelewa na ndama hutazama nyayo. Kwa nyayo hujua ndama amepita wapi, tena kama alikwenda pole au mbio. Ndivyo alivyofanya Bibi Mary na wenzake mwaka 1978 na 1979. Zamani volkano ilimwaga majivu, mvua ndogo ikayalowesha, viumbe mfano wa watu wakapita juu yake, kisha majivu yakakauka yakawa magumu kama saruji, na majivu mengine yakayafunika. Wachimbaji wakafunua njia ya nyayo yenye urefu wa meta 27 hivi. Umri wake ni kama miaka 3,600,000, nayo yaonyesha kwamba babu zetu walitembea wima kwa miguu miwili kabla ya zana za mawe za kale kuliko zote zijulikanazo leo.

Tena angalieni alichofanya baada ya kuchora na kupima: nyayo zile zilifunikwa tena kwa udongo, ili jua, mvua na miguu ya wapitao isiziharibu. Bibi huyu asiye na cheti alitunukiwa digrii za heshima na vyuo vikuu, kikiwamo Oxford. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996.

Sasa, habari hizi zatuhusu nini? Mkoa wetu wa Singida nao una majabali yenye picha za kale, hasa upande wa Iramba. Kule Kondoa wako watu waliochimba chini ya picha wakitafuta mali waliyodhani Wajerumani waliificha. Mali hawakuipata, na udongo walioupindua hausomeki tena. Kitabu kikichanwa, hakuna awezaye kukisoma. Basi mtu akiona picha jabalini, au mfupa uliogeuka jiwe, asiuguse wala asiimwagie maji picha ili ing'are. Aache kila kitu mahali pake, akawaarifu wakubwa wa kijiji. Ambaye atakuja kukisoma pengine ni binti wa Sepuka, achungaye ng'ombe leo.