Waranti ya laki sita, au mbuzi kwenye gunia?

EBWANA ee, mjini shule! Jumamosi moja nilimsindikiza binamu yangu kwenye yadi ya magari maeneo ya Kinondoni. Jamaa anakaa Mbagala, ana leseni, ana mkopo wa SACCOS na ndoto moja tu kichwani: apate kigari cha kupigia teksi ya mtandao, alipe marejesho kila mwezi, kinachobaki kiende kwa mama watoto. Macho yakaangukia Toyota IST ya rangi ya fedha, imeoshwa mpaka unajiona sura mlangoni.

Wakavutana weee, mwisho wakafika shilingi 11,500,000. Binamu alikuwa keshaanza kutabasamu, muuzaji akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya ukoo.

"Braza, ongeza laki sita tu nikupe waranti ya miezi sita. Injini na giaboksi. Hapo unalala fofofo."

Binamu akanigeukia. Uso wake ulikuwa umeshakubali. Mimi nikauliza swali moja tu: "Hiyo waranti iko wapi tuisome?"

Mpenzi msomaji, ungeona jinsi yule bwana alivyoniangalia! "Sista, mbona unaleta uanasheria? Sisi hapa tunafanya kazi kwa kuaminiana." Kuaminiana, na laki sita juu? Hapo ndipo nilipojua leo tuna kazi.

KWANZA, NI KITU GANI?

Waranti, wengine tunaita garantii, ni ahadi: kikiharibika kitu fulani ndani ya muda fulani, aliyeahidi atatengeneza au atalipa. Gari jipya kabisa huja na waranti ya kiwanda, na hiyo imeshaingia kwenye bei. Kwa kawaida hupimwa kwa miaka au kwa kilomita, kinachotangulia ndicho kinachoifunga.

Lakini wewe na mimi tunanunua magari yaliyotumika Japani. Hapo unachouziwa ni waranti ya nyongeza, bidhaa nyingine kabisa pembeni ya gari. Na kama bidhaa nyingine yoyote Bongo, ina bei ya kweli na ina cha juu.

Halafu usichanganye na bima. Kuna vijana wanadhani wakikata bima kubwa wamemaliza. Bima inahusu ajali, wizi, moto na mengine ya namna hiyo. Giaboksi ikifa kwa uzee wake pale Tazara, kampuni ya bima kwa kawaida itakupa pole tu.

KARATASI IKATOKA

Baada ya kusumbuana, karatasi ikaja kutoka ofisini. Ukurasa mmoja, maandishi kama sisimizi. Tukakaa chini ya mwembe tukaisoma mstari kwa mstari. Haya ndiyo tuliyoyakuta, na ndiyo unayotakiwa kuyatafuta hata wewe.

Moja, kinacholipiwa. Imeandikwa "injini na giaboksi", sawa. Lakini chini yake: isipokuwa mikanda, sensa, pampu na vitu vya umeme. Kwa magari ya siku hizi, hivyo ndivyo vinavyosumbua mapema!

Mbili, kikomo cha pesa. Hata injini ife kabisa, yadi italipa si zaidi ya 1,000,000. Kumbuka namba hiyo, tutarudi kwake.

Tatu, fundi. Likiharibika lazima ulirudishe kwenye gereji yao, na gharama ya kulivuta ni yako. Ukifia Kibaha au Chalinze, utajua mwenyewe.

Nne, na hapa binamu alikuna kichwa: waranti inakufa gari likitumika kwa BIASHARA.

Mnaona mambo hayo? Muuzaji alikuwa ameshaambiwa mara tatu kwamba gari ni la teksi. Na bado alitaka laki sita kwa ahadi ambayo ingekufa siku binamu anambeba abiria wa kwanza. Huyo ni mbuzi kwenye gunia, na ukilifungua gunia, hata mbuzi hayumo.

Angalieni pia vifungu vya maji na mafuta. Karatasi nyingi zinasema ukipita kwenye mafuriko au ukitia mafuta mabaya, imekula kwako. Katika jiji hili lililoona mafuriko ya Desemba 2011, maji si jambo la kufikirika. Na mafuta ya kuchakachua tunayajua. Dawa yake ndogo: chukua risiti ya EFD kila unapojaza mafuta na kila unapobadilisha oili, uzitunze kwenye bahasha. Siku ya ugomvi bahasha hiyo ni shahidi wako.

HESABU YA DARASA LA SABA

Sasa turudi kwenye ile 1,000,000. Watu wengi wakisikia laki sita wanaanza kuvuta: laki tano, laki nne na nusu, mwisho wanakubaliana laki nne na kila mtu anajiona mshindi. Lakini umejuaje kama laki nne ni haki?

Tulimwita fundi wetu wa Temeke, mzee aliyekula oili tangu ujana wake. Akafungua boneti, akachungulia chini, akalipeleka gari mpaka Mwananyamala na kurudi, akisikiliza gia zinavyoingia. Tukamuuliza: "Mzee, magari kumi kama hili, yenye hali hii, mangapi yatakufa injini au giaboksi ndani ya miezi sita?"

Akafikiri. "Mwanangu, mimi si mganga. Lakini nikikisia, mawili."

Haya, piga hesabu. Magari kumi, mawili yanakufa, kila moja yadi inalipa milioni moja kwa kisio la juu. Jumla milioni mbili. Gawanya kwa wanunuzi kumi: 200,000 kila mmoja. Weka na faida kidogo ya mwenye yadi, maana naye ana watoto, labda 250,000. Hiyo ndiyo bei unayoweza kuitetea. Ili laki sita iwe haki, magari sita kati ya kumi yangepaswa kufa! Na kama yanakufa sita kati ya kumi, tunanunua gari hilo la nini?

Kisio la fundi si Msahafu wala Biblia. Lakini ni bora kuvutana bei ukiwa na kisio la fundi wako kuliko ukiwa na tabasamu la muuzaji.

SWALI LILILOMFUNGA MDOMO

Tukarudi ofisini. Nikamuuliza yule bwana kwa upole: "Kaka, haya magari yako giaboksi hufa?"

"Hazifi! Toyota hii, sista!"

"Basi tupe hiyo waranti bure. Kama hazifi, haikugharimu kitu."

Kimya. Akacheka kidogo, akaanza habari za gharama za ofisi. Nikamwambia, kama unaogopa kuitoa bure, ina maana unajua kitu tusichokijua. Basi punguza bei ya gari lenyewe.

Msomaji, kama leo utashika neno moja tu, shika hili: bei ya waranti ni maungamo ya muuzaji. Akilisifia gari, geuza sifa zake ziwe sababu ya waranti ya bei poa. Akiona waranti ni mzigo, geuza hofu yake iwe punguzo la gari. Na siku zote bishania maneno kwanza, pesa baadaye. Ukiteremsha bei ya karatasi inayokutenga, umenunua hewa kwa bei nafuu.

SI BONGO TU

Msidhani ni sisi tu. Huko Marekani waranti za nyongeza ni biashara kubwa, muuzaji anapata chake kwa kila anayesaini, na bei yake inavutwa vilevile. Uchunguzi wa mwaka 2013 wa jarida la Consumer Reports kwa wasomaji wake ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya walionunua waranti za namna hiyo kwa magari yao hawakuzitumia kabisa kwa matengenezo. Yaani walilipa, gari likawa zima, pesa ikalala kwa muuzaji.

Na kwetu sheria ipo, ingawa wengi hatuijui. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa nguvu mnunuzi aliyemwambia mfanyabiashara kazi ya bidhaa na akategemea ujuzi wake. Ndiyo maana "gari ni la teksi" liandikwe kwenye mkataba. Lakini jihadhari: ukishalikagua gari, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona huwezi kuilalamikia kirahisi. Kwa hiyo ukaguzi ufanywe na fundi wa kweli, si wewe kupiga teke tairi.

Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Inakataza mfanyabiashara kumdanganya mteja, ikiwemo kumdanganya kuhusu waranti na haki zake. Lakini maneno ya mdomoni utayathibitishaje? Ahadi iandikwe, isainiwe, nakala moja ibaki kwako. Kama pesa ni za maisha yako yote, wakili aipitie kabla hujasaini.

IKAISHAJE?

Tuliaga. Kweli kabisa, tukaanza kutembea kuelekea kituoni. Hatujafika mbali, kijana wa yadi huyo anatukimbilia: "Bosi anasema rudini mzungumze."

Tukazungumza. Waranti ya laki sita ikafa. Gari likashuka kwa laki tatu, likawa 11,200,000. Juu yake bosi akaandika kwa mkono wake: mwezi mmoja, injini na giaboksi, bila malipo, na matumizi ya teksi yameruhusiwa. Akasaini, akagonga mhuri.

Sasa tazama binamu alivyofanya, hapo nilimvulia kofia. Zile laki sita alizokuwa tayari kuzitoa, akaziweka pembeni pamoja na laki tatu zilizopungua. Jumla 900,000, benki, haziguswi. Ni karibu sawa na milioni yote ambayo ile karatasi ingemlipa, tena hizi hazina masharti ya maandishi ya sisimizi.

Wiki ya saba alterneta ikafa usiku, abiria akiwa ndani. Pamoja na ufundi ikala 130,000. Ile waranti isingelipa hata senti, maana ni umeme. Kibubu kikalipa, kesho yake mchana jamaa yuko barabarani, na marejesho ya SACCOS hayakuchelewa.

Siwezi kukudanganya: giaboksi ingekufa mwezi wa pili, tena kabisa, kibubu kingekauka na sisi tungekuwa tunaongea mengine. Asiye na uwezo wa kuweka hata laki pembeni, waranti yenye maneno safi na bei ya haki inaweza kumfaa. Ni kamari ndogo, ila uicheze ukiwa umefungua macho na umeshika kalamu.

Kwa hiyo Jumamosi ukienda yadi, iwe Kinondoni au Temeke, nenda na vitu vitatu: fundi wako, miwani ya kusomea na miguu iliyo tayari kuondoka. Kazi kwako. Tukutane wiki ijayo!