Mtu si Mzigo

Sisi wa Kalemie twaijua reli. Tangu mwaka 1915 imeliunganisha ziwa letu na mto Lualaba kule Kabalo. Twajua pia kwamba juu ya magari ya moshi ya mizigo hupanda watu wasio na ruhusa. Tarehe 10 Machi 2022, huko Buyofwe katika mkoa wa Lualaba, gari la namna hiyo lilianguka, na watu zaidi ya 60 wakafa.

Wako wengine wanaojificha kwa safari ndefu zaidi. Vijana wengi wa Ethiopia huacha kwao, wakapita Kenya, Tanzania na Malawi, wakitafuta kazi Afrika Kusini. Wafanya magendo hupokea fedha zao, kisha huwafungia ndani ya malori. Tarehe 24 Machi 2020, huko Moatize nchini Msumbiji, lilifunguliwa kontena lililotoka Malawi. Ndani walikuwamo Waethiopia 78. Wazima walikuwa 14 tu. Wenzao 64 walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa.

Kontena limetengenezwa ili kuzuia mvua na wezi. Mlango wake hufungwa kwa nje, wala aliye ndani hawezi kujifungulia. Pumzi za watu wengi humaliza hewa upesi, na jua huchoma bati.

Hasara haiishi hapo. Lori likishukiwa, askari huvunja lakiri, hushusha mizigo na kumzuia dereva. Malori ya nyuma hungoja. Matunda huoza, dawa huchelewa, na bei hupanda sokoni. Huko Uingereza dereva na mwenye lori huweza kutozwa faini kwa kila mtu aliyekutwa amejificha garini.

Basi, tusimdharau mhamaji. Yosefu na Maria nao walikimbilia Misri usiku, wakimbeba Mtoto. Mwenye dhambi kubwa ni yule auzaye safari ya kifo.

Wewe dereva, kabla ya kuondoka kagua lakiri, turubai na chini ya gari. Na ukionyeshwa noti gizani, kataa. Wewe kijana, ukiambiwa ulale kati ya magunia, uliza kwanza nani atakufungulia mlango. Nanyi wazazi, msikope fedha za kumlipa mfanya magendo. Gunia likipotea hulipwa. Mtoto wa mtu halipwi.