Tovuti yako inajikokota? Pima kabla ya kutoa mshiko

Kama una tovuti ya kuuzia viatu au ya habari za muziki, bila shaka washikaji wamekwishakuambia: "Jiunge na CDN, itapaa!" Ni kweli? Twende taratibu.

CDN ni seva nyingi zilizotawanywa miji mbalimbali. Ni kama soda: kiwanda kiko mbali, wewe unanunua kwa Mangi mtaani. Nakala za picha, video na kurasa zako hukaa kwenye seva ya jirani, mteja anachota hapo hapo.

Mambo haya yalishika kasi Marekani mwaka 1998, pale Tom Leighton, profesa wa MIT, na mwanafunzi wake Danny Lewin walipoanzisha kampuni ya Akamai. Lewin aliuawa ndani ya moja ya ndege zilizotekwa Septemba 11, 2001. Siku hiyo hiyo dunia ilifurika kwenye tovuti za habari, na mitambo ya Akamai ikasaidia kubeba mzigo.

Hiyo ndiyo faida yake. Kama seva yako iko Ulaya na wateja wako Dar, safari ya kuvuka bahari inapungua. Wahuni wakikumwagia maombi bandia, CDN inapokea kipigo kwa niaba yako.

Sasa hasara. Kampuni nyingi hutoza kwa kiasi cha data: video yako ikipendwa, bili nayo inapanda. Tena ukishusha bei leo, mteja anaweza kuona ya jana, kwa sababu nakala ya zamani haijafutwa.

Kubwa zaidi, yao yakiharibika na yako yameharibika. Juni 8, 2021, mteja mmoja tu wa Fastly alibadili mpangilio wake, bila kosa lolote, akaamsha hitilafu iliyojificha kwenye programu ya kampuni. Magazeti ya Guardian na New York Times, pamoja na tovuti ya serikali ya Uingereza, yakatoweka hewani. Novemba 18, 2025 ikawa zamu ya Cloudflare. X na ChatGPT zikayumba.

Ufanyeje basi? Kama seva na wateja wote wako mji mmoja, kwanza punguza uzito wa picha zako; hiyo ni bure. Kama wako mbali, anza na huduma ya bure kama ile ya Cloudflare, pima kasi kabla na baada, na jifunze kufuta nakala za zamani. Ukiona tofauti, ndipo ufungue pochi.

Mwenye macho haambiwi tazama!