Meno ya Mtoto Mbele ya Sheria ya Kiwanda

Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, watoto walikuwa na kazi zao maalumu. Wengine waliunga nyuzi zilizokatika huku mtambo ukiendelea kwenda. Wadogo zaidi walitambaa chini yake kuzoa vumbi na mabaki ya pamba kila sehemu ya kusokotea iliposogea mbele, wakawahi kutoka kabla haijarudi. Aliyechelewa aliumia. Kufanya kazi kwa saa 12 au zaidi kwa siku lilikuwa jambo la kawaida.

Sheria ya 1802 iliwawekea wanagenzi kikomo cha saa 12, na ile ya 1819 ikakataza kuajiri walio chini ya miaka 9 katika viwanda vya pamba. Usimamizi uliachiwa mahakimu wa huko huko, kwa hiyo zote mbili zilibaki kwenye makaratasi. Mwaka 1833 serikali iliajiri wakaguzi wake yenyewe, wanne tu kwa nchi nzima. Sasa mtoto wa miaka 9 hadi 12 hakutakiwa kuzidisha saa 48 kwa wiki, tena ilibidi asome saa 2 kwa siku.

Lakini umri wenyewe ungejulikanaje? Usajili wa vizazi ulianza England na Wales mwaka 1837 tu. Kabla ya hapo daktari alimtazama mtoto, akathibitisha kwamba ana umbo na nguvu za mtoto wa miaka 9. Mzazi alihitaji ujira, mwenye kiwanda alihitaji mikono. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza zaidi. Mwaka huo huo wa 1837 daktari wa meno Edwin Saunders aliwaandikia wabunge kijitabu, akisema kimo hudanganya na kwamba meno ni kipimo bora zaidi.

Sheria ya 1842 iliwaondoa wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 katika mashimo ya makaa ya mawe. Ile ya viwanda ya 1844 iliamuru mitambo hatari izungushiwe kinga na kuwapa watoto utaratibu wa nusu siku kazini, nusu shuleni. Ila kwa kufanya hivyo ilishusha umri wa kuanza kazi kutoka miaka 9 hadi 8. Shule ilikuwa ya lazima kwa watoto wa miaka 5 hadi 10 kuanzia 1880, na cheti cha kuzaliwa kikachukua nafasi ya jicho la daktari. Utaratibu wa nusu siku ulidumu hadi ulipofutwa na sheria ya elimu ya 1918.