Goti Linapopasuliwa Mara ya Pili

Muhula wa pili ndio msimu wa kandanda, netiboli na voliboli katika shule za upili nchini, na viwanja vya Mbeere Kaskazini havibaki nyuma. Kuanzia Siakago hadi Ishiara, alasiri huwa ni vumbi, filimbi na vigelegele. Huwa pia ni msimu wa magoti kuharibika, mara nyingi bila mchezaji hata kuguswa na mpinzani. Msichana wa netiboli anaudaka mpira hewani, anatua kwa mguu mmoja, na kwa kuwa kanuni haimruhusu kutembea na mpira, inambidi asimame papo hapo. Winga wa kandanda anageuka ghafla akiwa mbioni. Goti linapinda kuelekea ndani, kitu kinalia ndani yake, na kabla ya jua kutua limefura.

Kinachokatika ni ligamenti ya mbele iliyo katikati ya goti, ambayo wachezaji huijua kwa herufi tatu tu: ACL. Hiyo ndiyo inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja wala kuzunguka kupita kiasi. Aliyekatika ligamenti hiyo anaweza kutembea barabarani bila tatizo, lakini akijaribu kugeuka kwa kasi goti linamtoka. Ndiyo maana wanamichezo wengi huishia kwa daktari wa upasuaji.

Upasuaji wenyewe si jambo geni. Mwaka 1917 Ernest Hey Groves, daktari wa mji wa Bristol nchini Uingereza, alieleza namna ya kuijenga upya ligamenti hiyo kwa kutumia utando mgumu wa paja la mgonjwa mwenyewe. Siku hizi kazi hufanywa kwa kamera nyembamba inayopenyezwa kupitia matundu madogo. Daktari huchukua kano ya nyuma ya paja, au ile ya chini ya kilegesambwa, au ya juu yake, akatoboa mfupa wa paja na wa muundi, kisha akaipitisha kano hiyo na kuifunga. Jambo jipya ni kwamba wengi wa waliofanyiwa upasuaji huo wanarudi kufanyiwa tena.

Wanaorudi ni vijana

Nchini Australia, upasuaji wa kwanza wa aina hii ulifanywa karibu mara 200,000 kati ya mwaka 2000 na 2015. Katika kipindi hicho kiwango cha mwaka kiliongezeka kwa asilimia 43, na kwa walio chini ya miaka 25 kwa asilimia 74. Magoti ya vijana yakizidi kupasuliwa, yatakayoumia tena nayo yatazidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba kwa jumla asilimia 15 ya waliotengenezwa ligamenti huumia tena, ama goti lile lile ama la pili. Kwa wanamichezo wa chini ya miaka 25 waliorudi mchezoni, idadi ilifika asilimia 23, yaani karibu mmoja katika kila wanne.

Hata mabingwa wenye madaktari wa kila aina hawakusalimika. Giuseppe Rossi, mshambuliaji wa Italia, aliumia goti la kulia Oktoba 2011 akiichezea Villarreal dhidi ya Real Madrid. Aprili 2012, miezi sita tu baadaye, ligamenti ile ile ilikatika tena akiwa mazoezini. Mwaka 2017, akiwa Celta Vigo, likafuata goti la kushoto. Éder Militão wa Real Madrid alikatika ligamenti ya goti la kushoto Agosti 2023. Novemba 2024 ikawa zamu ya goti la kulia.

Upasuaji wa pili haulingani na wa kwanza. Kano nzuri iliyokuwa karibu imeshatumika, kwa hiyo daktari huenda akalazimika kuitafuta kwenye mguu wa pili. Matundu ya zamani katika mfupa yanaweza kuwa yamepanuka au yamekaa mahali pabaya. Hapo mgonjwa hupasuliwa kwanza ili yajazwe mfupa, asubiri miezi kadhaa, ndipo ligamenti ipandikizwe. Matokeo nayo kwa kawaida huwa duni kuliko ya mara ya kwanza, na gegedu iliyokwishachakaa hairudi.

Nani wa kulaumiwa?

Ni rahisi kumlaumu daktari, na wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao MARS, uliowafuata wagonjwa 1,205 waliofanyiwa upasuaji wa marudio kati ya 2006 na 2011, uligundua kwamba kosa la kiufundi lililojitokeza zaidi ni tundu la mfupa wa paja kutobolewa mahali pasipofaa. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba waliowekewa kano ya maiti walikuwa na uwezekano wa kukatika tena mara 2.78 zaidi ya waliotumia kano ya mwili wao. Madaktari wamejifunza kutokana na hayo. Wengi sasa humwongezea kijana mkanda wa kuimarisha upande wa nje wa goti. Katika jaribio la vijana 618 wa umri wa miaka 14 hadi 25, lililochapishwa mwaka 2020, waliokatika tena ndani ya miaka miwili walikuwa asilimia 4 kwa walioongezewa mkanda huo, na asilimia 11 kwa wasioongezewa.

Hata hivyo, daktari hukaa na goti saa mbili tu. Miezi inayofuata ni ya mgonjwa, mtaalamu wa fiziotherapia, kocha na familia, na hapo ndipo mengi huharibika. Kano iliyopandikizwa haianzi kazi siku ya upasuaji. Katika wiki za mwanzo huwa kama tishu iliyokufa. Mishipa ya damu huiingia polepole, chembe mpya hujijenga, na katika kipindi hicho huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Mkulima wa maembe wa Mbeere anaielewa hali hii bila kusimuliwa: mche uliopandikizwa unaweza kuchipua majani mabichi mapema, lakini hakuna anayeuachia ubebe matunda kabla pandikizi halijashika.

Shida ni kwamba goti hudanganya. Baada ya miezi minne au mitano uvimbe umekwisha, maumivu yametulia, kijana anakimbia barabarani bila kuchechemea. Timu ina mechi kubwa Jumamosi. Kocha anauliza, "Uko sawa?" naye anajibu kwamba yuko sawa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wanamichezo 106 wa Norway na Marekani unatoa jibu tofauti. Kila mwezi ambao mchezaji alichelewa kurudi, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa asilimia 51. Waliorudi kabla ya kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka waliumia tena kwa asilimia 38.2, waliofaulu, asilimia 5.6 tu. Yannick Bolasie wa DR Congo aliumia Desemba 2016 akiwa Everton, klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza isiyokosa daktari wala mashine. Alirudi uwanjani Desemba 2017. Ikiwa yeye alihitaji mwaka mzima, kijana anayejizoeza peke yake nyuma ya nyumba ana sababu gani ya kurudi mwezi wa tano?

Kutoka Siakago hadi Nairobi, na kurudi

Mgonjwa wa Siakago huanzia hospitali ya hapo mjini, kisha hupelekwa Embu katika hospitali ya Level 5, na upasuaji wa goti kwa kamera mara nyingi humfikisha Nairobi, zaidi ya kilomita mia moja. Familia inauza mbuzi, inakopa chama, inapiga harambee ili kumfikisha thieta. Anarudi nyumbani kwa matatu akiwa na magongo, na hapo pesa zinakuwa zimekwisha. Miadi ya fiziotherapia ya kila wiki inakuwa nauli nyingine, siku nyingine ya kazi ya muguka au ndengu iliyopotea. Anakwenda mara mbili au tatu, kisha anaacha.

Kwa hiyo hesabu ya familia inapaswa kubadilika kabla ya mtu kupanda kitanda cha upasuaji. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, swali la kwanza kwa ofisi ya bima limekuwa nini kinalipiwa na nini hakilipiwi: upasuaji, skrubu, picha ya MRI, na fiziotherapia ya miezi yote. Kama pesa zinatosha upasuaji pekee, ni bora kusubiri hadi zitoshe yote mawili. Kusubiri kwenyewe kuwe na mazoezi, kwa maana goti linaloingia thieta likinyooka vizuri na lenye msuli wa paja wenye nguvu hupona vyema zaidi.

Si kila mtu anayehitaji upasuaji huo, vilevile. Jaribio la Sweden lililochapishwa mwaka 2010 liliwagawa watu wazima vijana 121 wenye ligamenti iliyokatika: baadhi walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi, wakiachiwa nafasi ya kupasuliwa baadaye. Baada ya miaka miwili hali zao hazikutofautiana sana, na katika kundi la mazoezi, lenye watu 59, ni 23 tu waliokuwa wamepasuliwa. Mkulima au mfanyabiashara ambaye kazi yake haimtaki kugeuka kwa kasi anastahili kuelezwa njia hiyo. Lakini goti linalomtoka mtu mara kwa mara lisipuuzwe, kwa sababu kila linapotoka linaweza kupasua gegedu.

Kwa aliyekwisha kupasuliwa, vipimo vingi havihitaji mashine. Futi ya fundi na kipande cha uwanja vinatosha: mgonjwa aruke kwa mguu mmoja, apime umbali, arudie kwa mguu wa pili. Mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake, na atue bila goti kuingia ndani. Mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya kaunti anaweza kumfundisha mwalimu wa michezo namna ya kusimamia hilo. Mgonjwa naye aombe nakala ya taarifa ya upasuaji: kano ipi ilitumika, skrubu za aina gani, gegedu ilikuwa katika hali gani. Ikitokea akarudi thieta, daktari wa pili ataanza kazi na karatasi hiyo.

Na kinga ni rahisi kuliko yote. Mazoezi ya FIFA 11+, ya kupasha mwili kwa dakika 20 hivi kabla ya mazoezi ya timu, hayahitaji kifaa chochote zaidi ya mpira, na katika utafiti wa wasichana wa Norway wa miaka 13 hadi 17 yalipunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Wasichana ndio wanaoyahitaji zaidi, kwani katika kandanda na mpira wa kikapu ligamenti zao hukatika mara mbili au zaidi ya zile za wavulana.

Walimu wa michezo na makocha wa Siakago, basi, wana uwezo ambao daktari wa Nairobi hana: wao ndio wanaoandika majina ya kikosi. Jina la mchezaji aliyetengenezwa goti lisiandikwe kabla ya mwezi wa tisa, wala kabla ya kufaulu vipimo, hata kama ni fainali ya kaunti. Kawia ufike.