Amplifaya ya Gitaa: Kongwe au Mpya?

Endapo nyumbani mwako yumo kijana apigaye gitaa la umeme na kuupenda muziki mzito wa roki, huenda umekwisha msikia akiitaja namba 5150 kwa heshima kama atajavyo jina la babu yake. Hiyo ni amplifaya iliyotolewa mwaka 1992 na kampuni ya Peavey, ya mji wa Meridian, Mississippi, kwa ushirikiano na mpigaji mashuhuri Eddie Van Halen. Kabla hujakivunja kibubu cha nyumba, yafaa ujue unanunua nini.

Chombo hiki kina nguvu za wati 120, nacho hutumia valvu za kioo kama zile za redio za zamani: nne kubwa na tano ndogo. Valvu ndogo hupokezana sauti, kila moja ikiikuza ile iliyokwisha kukuzwa na mwenzake, hata mawimbi yakazidi kimo na kukatwa vichwa. Kukatwa huko ndiko kuletako ule mngurumo wenye mikwaruzo ambao vijana huutafuta.

Mwaka 2004 Van Halen aliachana na Peavey, na mwaka uliofuata amplifaya ikapewa jina jipya, 6505, kwa kuadhimisha miaka ya kampuni tangu 1965 hadi 2005. Jina lilibadilika, lakini mpango wa nyaya ndani ya sanduku ulibaki ule ule. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokamuliwa: muuzaji hudai nyongeza kwa ajili ya namba ya kale iliyoandikwa usoni. Anayekusanya kumbukumbu na alipe, mpigaji asilipe.

Tofauti ya kweli iko kwingine. Katika 5150 ya kwanza, na katika 6505, njia ya sauti tulivu na ile ya sauti kali hutumia vitufe vile vile vya besi, sauti ya kati na sauti ya juu. Ukiipatia moja, umeivuruga nyingine. Mwaka 1999 ilitoka 5150 II, ambayo baadaye iliitwa 6505+. Hiyo ina vitufe mbalimbali kwa kila njia, na valvu ndogo moja zaidi. Kwa kijana apigaye leo harusini na kesho katika roki, mimi ningechagua hii bila kusita.

Tena, amplifaya ya mwaka 1992 imepita umri wa miaka 30. Kapasita zake kubwa hukauka, na sauti huanza kuvuma hata gitaa likiwa kimya. Gharama ya fundi na ya valvu mpya iingize katika bei. Wala asiifungue mtu asiye fundi, kwani kapasita hizo huweza kuhifadhi mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Mwisho, tazama maandishi ya nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka umeme wa volti 120. Ukiichomeka katika volti 230 za kwetu bila transfoma, utaiunguza siku hiyo hiyo uliyoinunua.