Anayebaki Klabuni

Klabu ya mpira wa miguu ya ngazi ya wilaya, yaani ile inayoanzia chini kabisa katika mfumo unaopanda kupitia ligi ya mkoa na Ligi ya Mabingwa wa Mikoa hadi Ligi Kuu, haiendeshwi kwa mishahara wala kwa viingilio vya mlangoni, bali kwa jasho la watu wachache ambao majina yao ni nadra kuandikwa popote. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, jambo hilo lina uzito wa pekee kwa kuwa maisha ya huko hufuata misimu. Wageni wanapofurika kuanzia Juni hadi Oktoba, vijana wengi huitwa kazini kuongoza watalii, kuendesha magari na kupika kambini. Wengine huteremka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kwenye mashamba ya vitunguu yanayomwagiliwa. Na katika nyanda za Ngorongoro wafugaji huhama na mifugo kutafuta maji na malisho. Kikosi cha Mei si kikosi cha Septemba, na katikati ya mabadiliko hayo klabu hubaki kuwa klabu kwa sababu yupo mtu ambaye hakuondoka.

Mtu huyo kwa kawaida huitwa mtunza vifaa, ingawa kazi zake huzidi cheo hicho kwa mbali. Ndiye anayejaza mipira upepo, anayefua jezi na kuzianika uani, na anayezihesabu tena baada ya mechi, maana ikipotea moja seti nzima huvunjika. Ndiye anayefika uwanjani alfajiri kuchora mistari kwa chokaa, au kwa majivu ya jikoni chokaa inapokosekana, akijua kwamba wakati wa kiangazi upepo wa Karatu utainua vumbi jekundu na kuifuta kabla ya kipindi cha pili. Mara nyingi ndiye pia mwenye daftari la klabu: nani alicheza, nani alifunga, nani anadaiwa ada. Daftari lile likiliwa na mchwa, historia ya klabu hupotea nalo.

Eneo hili si geni kwa heshima ya uvumilivu. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake kabla ya kugawanywa, alianguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji, akaendelea hadi mwisho akiwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Taifa lilimtunuku nishani ya ushujaa mwaka 1983, miaka 15 baadaye. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch Februari 2, 1974, alirudi kuitumikia michezo akiwa kiongozi, na tamasha la michezo na utamaduni linalofanyika Karatu mwezi Desemba, ambalo soka ni sehemu yake, ni tunda la moyo huo. Hao wawili walionwa na dunia. Mtunza vifaa huonwa na mashabiki wanaomzoea mno hata wasimwone.

Desturi iliyozoeleka ya kumheshimu mtu kama huyo, nayo inasikitisha, ni kungoja msiba. Hapo ndipo michango hupatikana, jezi hutandazwa juu ya jeneza na viongozi hushindana kutoa salamu za rambirambi, ilhali marehemu alitumia nauli yake mwenyewe kuifuata timu hadi Arusha mjini, umbali wa takriban kilomita 140 kutoka Karatu. Kwa kuwa kila klabu iliyosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo ina katiba yake, hakuna kinachozuia katiba hiyo kutamka uanachama wa heshima, yaani hadhi ya kudumu anayopewa mtu kwa utumishi wake bila kutakiwa kulipa ada, pamoja na haki ya kusikilizwa katika mkutano mkuu. Lililo bora zaidi ya ngao ya kutundika ukutani, kwa mtu ambaye magoti yameanza kumsumbua, ni klabu kumlipia bima ya afya kila mwaka, gharama ambayo mechi moja ya hisani yaweza kuikidhi.

Utoaji wa heshima hiyo hauhitaji ukumbi. Siku ya fainali, timu zikiwa zimejipanga kusalimiana na mgeni rasmi, nahodha anaweza kumwita mzee wake katikati ya uwanja, juu ya mstari alioupaka mwenyewe asubuhi ile, jina lake likasomwa kwa kipaza sauti pamoja na mwaka alioanza kazi, kama ulivyoandikwa kwa mkono wake katika ukurasa wa kwanza wa daftari.